Ukurasa Mmoja, Seva Nyingi: Kuunganisha Wiki na Huduma ya Kuhariri kwa Pamoja

Kumbukumbu zilizoandikwa na makatibu wawili zikipishana, Mkutano Mkuu hukosa pa kushika. Hatari hiyo haikwisha tulipoacha daftari na kushika kompyuta.

Wiki ni mkusanyo wa kurasa ambazo kila mwenye ruhusa huweza kuzisahihisha. Ya kwanza ilitengenezwa na Ward Cunningham wa Marekani mwaka 1995. Watumiaji wakiwa wengi, seva moja huelemewa. Hivyo huwekwa seva kadhaa zenye hazina moja ya kumbukumbu, na mbele yake mtambo wa kugawa kazi, unaompeleka kila mtumiaji kwenye seva mojawapo. (Chama cha msingi chenye kompyuta moja hakihitaji mpango huu, unahusu zaidi chama kikuu.)

Tuseme katibu wa Mkuyuni amepelekwa seva ya kwanza na mwenzake wa Matombo seva ya pili, nao wanajaza ukurasa mmoja wa mizani ya karafuu. Kila seva ikishika maandishi yake peke yake, mmoja atafuta kilo za mwenziwe bila kujua, na mkulima ndiye atakayepunjwa.

Kwa sababu hiyo wiki iitwayo Confluence, katika toleo la 6.0 la mwaka 2016, iliikabidhi kazi hiyo huduma ya pekee, Synchrony. Huduma hii hupokea kila badiliko, hulipatanisha na mabadiliko ya wengine, kisha huwaonyesha wote papo hapo.

Fundi aweza kuiacha kila seva ya wiki iwashe Synchrony yake, au akaipa huduma hiyo mitambo yake na kuzijulisha seva zote anwani moja. Katika njia ya kwanza, Synchrony zote sharti zionane mtandaoni. Zikifungiwa njia, kila moja hujiona iko peke yake, na hasara ni ile ile. Mtambo wa kugawa kazi nao uruhusu mawasiliano ya WebSocket, yaani njia inayobaki wazi muda wote wa kuandika. Huduma isipofikika kabisa, ukurasa hukataa kuhaririwa.

Kabla ya kuipokea kazi ya fundi, katibu adai jaribio hili: watu wawili, kila mmoja kupitia seva yake, wafungue ukurasa mmoja na kuandika kwa wakati mmoja. Jaribio la watu wawili walio kwenye seva moja halitoshi, kwani hapo hata mitambo iliyounganishwa vibaya huonekana mizima.