Chanzo Nyuma ya Dalili: Sayansi ya Kutambua Ubovu wa Injini

Kazi ya fundi wa magari hutambulika zaidi kwa spana, grisi na nguo zilizolowa oili, lakini sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote hufanyika kabla hata nati moja haijalegezwa, kwa kuwa gari linapofika gereji huleta dalili tu, na chanzo cha dalili hiyo huwa kimejificha ndani ya chuma kisichofunguliwa bila gharama. Injini inayotetemeka na kukosa sailensa, yaani inayoshindwa kutulia katika mwendo wake wa chini gari likiwa limesimama, huenda ikawa na plagi iliyokwisha, koili iliyoungua, nozeli iliyoziba, vali isiyokaa vizuri kwenye kiti chake, au mpira mdogo wa hewa uliopasuka kwa joto. Dalili ni ileile, ilhali gharama ya kubadilisha mpira huo haikaribii hata kidogo gharama ya kushusha silinda hedi. Fundi anayenunua plagi, kisha koili, kisha nozeli, mpaka gari litulie, hajatambua ubovu, bali amebahatisha kwa fedha za mteja. Kutambua ubovu ni kutafuta kipimo ambacho jibu lake litaondoa baadhi ya vyanzo na kubakiza vingine, na kurudia hivyo mpaka kibaki kimoja.

Vyanzo hivyo havina budi kutoka katika namna injini inavyofanya kazi. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipounda injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, injini za aina hiyo zimehitaji mambo matatu yaleyale: mchanganyiko wa hewa na mafuta ulio katika uwiano unaofaa, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Uwiano unaofaa kwa petroli, unaopatikana kwa kuhesabu oksijeni inayohitajika ili mafuta yote yaungue pasipo kubaki hewa wala mafuta, ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifikisha kwenye hatua ya kufanya kazi vizuri mwaka 1897, haihitaji cheche, kwani hewa hugandamizwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yanapopuliziwa ndani. Ndiyo maana dizeli iliyopoteza mgandamizo huwa ngumu kuwaka asubuhi yenye baridi hata kama pampu na nozeli zake ni nzima.

Ushahidi wa kwanza hutoka kwenye ekzosi. Moshi mweusi ni kaboni ya mafuta yaliyokosa hewa ya kuyaunguza, na wa buluu ni oili iliyopenya kupitia ringi za pistoni au sili za vali. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua, ingawa kwa dizeli weupe huo huweza kuwa mafuta ambayo hayakuwaka. Plagi hueleza zaidi, kwa sababu kila moja hutoa habari za silinda yake peke yake. Inaposhikwa karibu na mwanga, kauri inayouzunguka waya wa kati huonekana ya kahawia hafifu ikiwa silinda ni nzima; masizi makavu yanayofutika kwa kidole huonyesha mafuta yaliyozidi au cheche dhaifu; utando mweusi wenye unyevu na mng'ao ni oili; na kauri nyeupe kupita kiasi, pengine yenye vitone vidogo vya chuma kilichoyeyuka, ni alama ya joto lililopindukia. Plagi tatu za kahawia na moja yenye masizi humwonyesha fundi kwamba pampu ya mafuta na filta ya hewa si washukiwa wakuu tena, kwani vitu hivyo huhudumia silinda zote nne kwa pamoja, na kwamba anapaswa kutafuta kitu kinachohudumia silinda hiyo moja tu.

Mgandamizo nao hupimwa kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi huku injini ikizungushwa kwa stata. Injini nzima ya petroli kwa kawaida husoma kati ya baa 10 na 14, baa moja ikiwa karibu sawa na kanieneo ya hewa inayotuzunguka pwani. Silinda moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, fundi humimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena: kipimo kikipanda, oili imeziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda, na ringi ndizo zilizokwisha; kisipopanda, hewa inapotelea kwenye vali au gasketi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi iliyo kati yake hushukiwa kwanza. Kipimo kilicho bora zaidi, ambacho kinastahili kutumiwa mara nyingi kuliko kinavyotumiwa, ni kupuliza hewa ya kompresa ndani ya silinda huku pistoni ikiwa juu na vali zote zikiwa zimefungwa, kisha kusikiliza inakotokea. Ikivuma kwenye tundu la kujazia oili, ringi hazizuii. Ikivuma kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi imeungua. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi imepasuka au silinda hedi ina ufa. Yote hayo hujulikana kabla ya kufungua injini.

Jambo moja katika kipimo cha geji linawahusu hasa mafundi wa Afrika Mashariki, ambako barabara hupanda kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za juu. Jiji la Nairobi, kama Mbeya, liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Kwa kuwa silinda hugandamiza hewa iliyoivuta na si zaidi, injini inayosoma baa 12.5 Mombasa itasoma karibu baa 10 Nairobi bila kuwa na ubovu wowote, na fundi anayelinganisha geji yake na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari anaweza kuifungua injini isiyohitaji kufunguliwa. Kinachoaminika popote ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Kompyuta iliingia katika uwanja huu kwa sababu ya uchafuzi wa hewa, hasa katika jimbo la California nchini Marekani. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilileta sensa ya oksijeni inayofungwa kwenye bomba la ekzosi, ambayo hutoa umeme wa karibu volti 0.1 oksijeni ikibaki nyingi kwenye moshi na karibu volti 0.9 ikibaki kidogo, na kwa habari hiyo kompyuta ya injini huongeza au kupunguza mafuta. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kujichunguza wenye soketi ya pini 16, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Kompyuta inapoona kitu kisichopatana na matarajio yake huwasha taa ya injini na kuhifadhi namba: P0301, kwa mfano, maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inamisi, jambo ambalo kompyuta hulitambua kwa kupima jinsi shafti ya kranki inavyopungua kasi kidogo pale mlipuko wa silinda hiyo unapokosekana.

Hapa ndipo linapozaliwa kosa linalowagharimu wenye magari fedha nyingi, yaani kuichukua namba hiyo kama jina la spea ya kununua. Namba hutaja kilichoonekana na haitaji kilichosababisha. Namba P0171, inayoarifu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, mara kwa mara huishia kwa kubadilishwa sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyofanya kazi yake sawasawa na kutoa taarifa. Isitoshe, sensa hupima oksijeni na haipimi mafuta, kwa hiyo silinda iliyokosa cheche, ikitoa hewa yake bila kuitumia, huifanya sensa iarifu kuwa hewa imezidi. Kompyuta huongeza mafuta, na gari lenye ubovu wa koili huanza kula petroli. Ufa kwenye bomba la ekzosi kabla ya sensa huleta udanganyifu huohuo kwa kuingiza hewa ya nje.

Kinachomtoa fundi katika mtego huo ni takwimu ambazo mashine ya kupimia huonyesha injini ikiwa inaunguruma, hasa asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imelazimika kuongeza au kupunguza ikilinganishwa na kipimo chake cha kawaida. Kwa injini inayopima hewa yake kwa sensa ya mkondo wa hewa, tuseme asilimia hiyo ni 25 ya kuongeza injini ikiwa kwenye sailensa, kisha inashuka hadi 4 injini inapopandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka huwa ni ya kiasi kisichobadilika sana, kwa hiyo huwa sehemu kubwa ya hewa kidogo inayovutwa kwenye sailensa, na sehemu ndogo ya hewa nyingi inayovutwa kwenye mwendo wa juu. Takwimu zilizoshuka namna hiyo huelekeza kwenye ufa wa hewa. Zingekuwa za kawaida kwenye sailensa na kupanda gari linapopanda mlima na mzigo, zingeelekeza kwenye pampu ya mafuta iliyochoka au filta iliyoziba, kwa kuwa injini hapo hudai mafuta mengi kuliko yanayofika. Namba ni ileile, ubovu ni mbalimbali, na kilichoutenganisha ni kipimo kilichochukuliwa katika hali mbili tofauti.

Magari mengi ya Afrika Mashariki hununuliwa yakiwa yametumika Japani, na yaliyotengenezwa kwa soko la nchi hiyo, hasa ya zamani, hayakufungwa na sheria ya Marekani. Mengine yana soketi ileile ya pini 16 lakini mashine za bei nafuu hushindwa kuzungumza nayo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya soketi yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha huhesabu jinsi taa ya injini inavyowaka na kuzima: miwako miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena ni namba 22, ambayo ni sakiti ya sensa ya joto la maji.

Joto la maji, kwa hakika, ndilo eneo ambalo desturi mbaya imekita mizizi kuliko sayansi. Gari likichemsha, mafundi wengi huondoa themostati, vali ndogo inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 au zaidi za Selsiasi, kwa imani kwamba maji yakizunguka bila kizuizi injini itapoa. Matokeo yake ni injini inayokimbia ikiwa baridi kwenye barabara kuu, kompyuta inayoongeza mafuta kwa kudhani injini ndiyo kwanza imewashwa, na petroli inayoosha oili kutoka kwenye kuta za silinda, huku chanzo halisi, ambacho huwa rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, feni isiyozunguka au kifuniko cha rejeta kilicholegea, kikiachwa palepale. Kifuniko hicho hudharauliwa bila haki: maji yasiyofunikwa huchemka karibu nyuzi 94 mjini Nairobi, na ni kanieneo ya takriban baa moja inayozuiwa na kifuniko inayofanya yastahimili hadi kukaribia nyuzi 120.

Ubovu mwingine hutoka nje ya gari kabisa. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hupunguza oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe, na injini huanza kugonga inapovuta mzigo. Nchini Tanzania mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Ewura, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji huo. Kwenye injini za kisasa kugonga huko huenda kusisikike, kwa kuwa sensa yake hukutambua na kompyuta huchelewesha cheche, kwa hiyo mteja hulalamikia gari kukosa nguvu tu.

Ubovu unaokuja na kuondoka ndio unaompima fundi kweli. Sensa ya kranki inaweza kufa injini ikipata moto na kufufuka ikipoa, na waya wa ethi uliooza ndani ya ganda lake huonekana mzima kwa macho na hata kwa kipimo cha ukinzani, kwa sababu uzi mmoja uliobaki hutosha kupitisha umeme mdogo wa multimita. Waya huo hupimwa ukiwa kazini: stata inapozungushwa, volti hupimwa kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, na ikizidi nusu volti kuna kizuizi njiani.

Baada ya matengenezo hubaki kipimo cha mwisho. Kufuta namba kwenye kompyuta huzima taa, lakini hufuta pia kumbukumbu za uchunguzi wa ndani, ambao baadhi yake haurudiwi mpaka gari liwashwe likiwa baridi, lipate moto na litembee kwa mwendo tofautitofauti; kwa hiyo taa iliyozimika gari likiwa bado gereji haithibitishi lolote. Fundi makini hurudisha gari katika hali ileile iliyoleta dalili, mlima uleule, joto lilelile, mzigo uleule, na husoma tena takwimu alizozisoma mwanzo, akilinganisha asilimia 25 ya awali na ile anayoiona sasa.