Wadiria Wengi, Samaki Wachache

Mdiria mweusi kwa mweupe, Ceryle rudis kwa jina la kitaalamu, hayumo miongoni mwa ndege wanaohofiwa kutoweka. Linnaeus alimwainisha mwaka 1758, na anapatikana Afrika na sehemu kubwa ya kusini mwa Asia. Kwa anayetaka kujua hali yake chini ya milima ya Upare, habari hiyo haina msaada.

Kwanza tusichanganye ndege. Wilaya ya Same, chini ya milima hiyo, ina wadiria wa aina kadhaa, na si wote wavuvi. Yule mwenye kichwa cha kijivu, wa vichaka vya hifadhi ya Mkomazi, hula panzi na mijusi. Bwawa likikauka hapati hasara kubwa. Mweusi kwa mweupe ni mvuvi hasa. Yuko peke yake katika jenasi yake, na ndugu zake wa karibu ni wadiria wa kijani wa Amerika. Hupiga mbawa akiwa amesimama hewani, kisha hujitupa majini, na humeza samaki mdogo papo hapo bila kurudi mtini. Anachohitaji ni maji ya wazi.

Maji hayo ndiyo yanayopungua. Ziwa Jipe, mpakani na Kenya, lina kina kifupi, na udongo unaoletwa na mto Lumi na vijito vya Upare Kaskazini unalijaza tope. Penye tope huota magugumaji. Perege wa asili wa huko, Oreochromis jipe, ameorodheshwa kuwa hatarini mno. Bwawa la Kalimawe, wilayani Same, nalo linaandamwa na tope. Ndiva, yaani mabwawa madogo ya Wapare ya kumwagilia, haziwezi kuziba pengo: hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi maji yaende mashambani.

Kuzaa nako kuna masharti. Jozi huchimba kwa midomo shimo refu, aghalabu zaidi ya mita moja, kwenye ukingo wa udongo uliosimama wima. Ukingo ukibomolewa na wachimba mchanga au kukanyagwa na ng'ombe, kizazi cha msimu huo kimekwenda.

Kisha kuna mtego wa hesabu. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza wadiria hawa nchini Kenya, kwenye maziwa ya Naivasha na Victoria. Aliona wazazi wakisaidiwa kulisha makinda na madume wengine: wana wao wa msimu uliopita, na wapweke wasio ndugu. Naivasha, ambako chakula kilipatikana kwa urahisi, wapweke walifukuzwa. Victoria, ambako kuvua kulikuwa kazi ngumu, walipokelewa. Makinda yalipoongezwa viotani Naivasha, hata huko wazazi walilegeza msimamo.

Kwa hiyo ndege watano kwenye shimo moja huenda wakawa dalili ya shida, ingawa mpitaji mwenye darubini ataandika "wengi" na kwenda zake. Mimi ningehesabu mashimo yenye makinda, na madume wanaolisha kila shimo, mwaka hadi mwaka, sambamba na eneo la maji yaliyobaki wazi. Idadi ya ndege peke yake ningeiweka mwisho.

Kufyeka magugumaji, dawa inayopendwa kwa sababu matokeo yake huonekana haraka, hufungua maji kwa muda tu. Mvua inayofuata hushusha tope jingine kutoka mashamba ya miteremkoni, na mashamba hayo ndiyo riziki ya watu. Pasipo matuta na miti ya kushika udongo huko juu, wafyekaji watarudi palepale kila mwaka.