Tiba ya kisaikolojia haimaanishi maumivu ni ya kubuni

MALARIA imeziandama kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kwa vizazi vingi. Ndiyo maana ugonjwa wa selimundu umeenea huko. Anayerithi jeni yake kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua, na maumivu makali ya mifupa humrudia mara kwa mara.

Mgonjwa huyo akielekezwa kwa mwanasaikolojia, asidhani kwamba hasadikiwi. Maumivu ni ya kweli. Lakini hofu na kukosa usingizi huyazidisha. Tiba hiyo humfunza kutuliza pumzi, kugawa kazi kwa kiasi na kukabili mawazo ya kukata tamaa. Haiondoi haja ya dawa, na homa au kubanwa kifua ni dharura ya kukimbilia hospitali.