Darasa la kompyuta ni deni la nani?

Kila kampeni utasikia: "Vijana watasoma kodingi!" Sawa, lakini uliza ni chuo kipi, juu jibu linabadilisha mtu wa kulaumu.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Mwalimu, jengo, kompyuta, bili ya stima, zote ziko kwa bajeti anayopitisha MCA wako. Polytechnic za kitaifa ni za serikali kuu. Gavana akiahidi kuajiri walimu huko, anauza hewa.

Binamu yangu aliingia chuo cha kaunti kusomea ICT. Kompyuta zilikuwepo, zimefunikwa vizuri kabisa. Mwalimu ndiye hakuwepo. Muhula mzima walinakili noti tu kwa daftari. Wakaenda ofisi ya mbunge, wakaambiwa si kazi yake. Na hapo, kusema ukweli, hawakudanganywa: NG-CDF inaweza kukupa basari, haiajiri mwalimu wa kaunti.

Kwa hivyo kwa mdahalo usiulize "mtanunua kompyuta ngapi?" Hizo hupigwa picha. Uliza mishahara ya walimu imetengewa ngapi. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na kamati ya bajeti lazima isikize maoni ya wananchi.