Wakfu wa Mwenye Duka

Mwaka 1906, katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, Mmarekani mmoja aitwaye William T. Grant alifungua duka la bidhaa za bei nafuu, na duka hilo likazaa mengine hata mwenyewe akahesabiwa miongoni mwa matajiri. Naye alipokwisha kujaaliwa mali, akatamani kuyafahamu mambo yanayomwezesha mwanadamu kuishi kwa ridhaa na amani, mzima wa mwili na akili. Kwa azma hiyo, mwaka 1936 aliweka wakfu kwa ajili ya utafiti.

Miaka miwili baadaye, Daktari Arlie Bock wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza, kwa fedha za Grant, kuchunguza maisha ya wanafunzi 268, wote wanaume. Vijana hao walipimwa mapigo ya moyo, wakakimbizwa juu ya mashine, wakahojiwa na matabibu wa nafsi. Na bibi mmoja, Lewise Gregory, akafunga safari hata majumbani kwao, akaketi na wazazi kusikiliza habari za utoto wa kila mmoja. Tangu hapo wakawa wakipelekewa maswali, vitani na katika amani, katika ndoa na talaka, hata uzeeni. Ila ya kazi hiyo ni dhahiri, kwani hapakuwa na mwanamke wala fukara. Ndiyo maana baadaye iliunganishwa na uchunguzi wa vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, ulioanzishwa na Sheldon na Eleanor Glueck. Walakini natija yake kuu, kwamba mapenzi na masikizano na jamaa na marafiki huambatana na afya na furaha ya uzeeni kuliko jaha au kipato, isingalipatikana kwa mtafiti wa mwaka mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanachuoni aliyetoka juzi kuhitimu udaktari wa falsafa, mwenye vipindi vingi vya kufundisha na mkataba unaokaribia kwisha, aghalabu huchagua swali dogo linalojibika upesi, wala hatumlaumu. Kwa kuitambua dhiki hiyo, tangu mwaka 1982 wakfu huo una mpango wa kuwafadhili watafiti wachanga wanaochunguza maisha ya watoto na vijana wa Marekani, wenye umri wa miaka 5 hata 25: kila ateuliwaye hupewa fedha za utafiti kwa muda wa miaka mitano, kwa sharti kwamba ajifunze fani au mbinu asiyoijua, chini ya mlezi aliyebobea katika fani hiyo. Kwangu mimi sharti hilo lina thamani kuliko fedha zenyewe, maana mwenye shahada akikubali kuwa mwanafunzi tena hupanuka kifikra.

Maduka ya Grant yalifilisika, yakafungwa mwaka 1976, wakfu ungalipo.

Sisi wa pwani hatufundishwi wakfu ni nini, maadamu misikiti, visima na mashamba yaliyowekwa wakfu tumeyarithi kwa wazee wetu. Basi enyi mliokunjuliwa riziki, mtengeeni fungu na mhadhiri kijana anayetaka kujua yawapatayo vijana wa mitaa yetu. Mpeni miaka mitano kamili, na mtaalamu wa kumshika mkono.