Sonona isiyosikia dawa

Hapa kwetu Songea mtu akiacha kwenda shambani, akakosa usingizi na hamu ya chakula, watu husema mengi. Eti mvivu. Eti karogwa. Kumbe mara nyingine ni sonona. Huo ni ugonjwa, na unaua, maana mgonjwa anaweza kujiua.

Wengi hupata nafuu kwa vidonge au kwa mazungumzo na mtaalamu. Lakini wako wanaomeza dawa hii na ile kwa muda waliopangiwa, na huzuni haiondoki. Hao ndio tunaowasemea leo.

Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha mashine ya sumaku inayoamsha ubongo toka nje ya kichwa. Baadaye ikatumiwa kutibu sonona. Mgonjwa hukaa kitini, macho wazi. Hapasuliwi wala halazwi usingizi. Husikia tu mashine ikigonga ta-ta-ta, na hurudi karibu kila siku kwa wiki kadhaa.

Huko Uholanzi mashine inagonga huku mgonjwa na mtaalamu wanaongea. Tufikirie shamba: mashine inalainisha udongo, mazungumzo ndiyo mbegu. Mwaka 2018 walitoa habari za wagonjwa 196, na zaidi ya nusu dalili ziliwaisha. Ila hawakulinganishwa na waliopata mashine peke yake. Basi hatujui kila kimoja kilisaidia kiasi gani.

Mashine hiyo ni ghali, tena inataka umeme. Mazungumzo hayataki umeme! Majirani zetu wa Uganda waliyajaribu katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wakatangaza matokeo mwaka 2003. Katika nusu ya vijiji, wagonjwa walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Waliongea juu ya kufiwa, ugomvi na shida za maisha. Mwishoni, katika kila watu 100 wa vikundi hivyo, kama 7 tu walikuwa bado na sonona. Katika vijiji vingine walikuwa kama 55. Kweli, wale hawakuchaguliwa kwa sababu dawa zimewashinda, lakini tofauti hiyo siyo ndogo.

Kama unaye ndugu wa namna hii, mpeleke kwa mganga wa zahanati. Yeye anaweza kumwandikia barua ya hospitali ya mkoa hapa Songea. Asiache vidonge kwa kuamua mwenyewe. Ulizeni pia habari ya mazungumzo. Na akianza kusema habari za kufa, msimwache peke yake hata usiku, na dawa za kuua wadudu wa shambani ziondoeni nyumbani siku hiyo hiyo.