Filimbi kwanza, nzumari baadaye
Mtu mzima wa Ganjoni anayetamani kujifunza ala ya kupulizwa huenda akavutiwa kwanza na nzumari, ala ya ngoma za pwani. Si ala ya kuanzia. Mpulizaji hutia kinywani ulimi wake mwembamba, akajaza upepo mashavuni, kisha huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo, ili sauti isikatike. Zoezi lake lahitaji mrija na gilasi ya maji tu: mapovu yasikome. Asiye na subira atavunjika moyo mapema, na ala ibaki ukutani.

Heri filimbi ya mwanzi au ya plastiki, iliyo nafuu. Vidole vizibe matundu barabara, pumzi iwe ndogo. Tarumbeta huchosha midomo upesi. Dakika 10 kwa siku zatosha. Anayeishi ghorofani apulize mchana.